Kamusi Iliyoanzia M

Kijijini kwetu, ukitoka Nduguti kuelekea Kiomboi, tuna mtu anayejua tofauti kati ya neno "mendacity" na neno "mendicity". Maji ya bomba hatuna, daraja la korongoni lilichukuliwa na mvua na halijarudi mpaka leo, lakini hiyo tofauti tunayo. Tushukuru kwa kila jambo.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu Yeremia. Alinifundisha mimi darasa la tano, akafundisha na wadogo zangu wote, na baadaye mwanawe Enock akamwoa binti yangu Jenipher. Kwa hiyo sasa sisi ni wakwe, na mkwe hasemwi vibaya. Nitamsema vizuri, basi, kadiri atakavyoniruhusu.

Kiingereza chake alikitoa kwenye kamusi. Aliachiwa na muuguzi mmoja wa misheni, mama wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kuzeeka. Siku alipopewa ilikuwa kamusi kamili. Mwalimu, kwa heshima kubwa, akaitia kwenye boksi, akalisukuma boksi chini ya kitanda juu ya sakafu ya udongo, akaenda zake kusomea ualimu. Aliporudi akakuta mchwa wamemtangulia kusoma. Walianza na A kama wanafunzi wenye adabu, wakaendelea kwa bidii mpaka L, na hapo sijui walishiba au walichoka. Kilichobaki ni kuanzia M. Ndiyo maana Kiingereza cha bata na cha jembe Mwalimu anabahatisha kama sisi wengine, lakini ukifika M na kuendelea hana mpinzani kutoka hapa mpaka Manyoni.

Na hapo mwanzo mwanzo wa M, kwenye kurasa za mwanzo zilizopona, ndipo alipoyakuta maneno yake mawili. Yamekaribiana, yanafanana sura kama mapacha, yanapishana herufi moja tu katikati. Mmoja wa mapacha hao maana yake ni uongo. Mwingine maana yake ni kuombaomba. Mwalimu aliyapenda maneno hayo kuliko alivyopenda mshahara, na mshahara wenyewe, ukiujua, utaelewa. Akatufundisha. Tulikuwa watoto wa kuchunga mbuzi na kufukuza ndege kwenye mtama, hatuwezi kusema kwa Kiingereza kwamba ng'ombe anakula majani, lakini tuliweza kusimama mstarini asubuhi na kuimba kwamba mendacity ni dhambi na mendicity si dhambi.

"Kuomba si aibu," alikuwa anatuambia, huku akigonga ubao. "Hata sala ni kuomba. Aibu ni kudanganya. Mtu akikwambia vinafanana, mwambie aangalie vizuri katikati."

Nimeuza mafuta ya alizeti tangu nilipomaliza shule, na sijapata mteja hata mmoja aliyeuliza.

Shida ya Mwalimu ni kwamba yeye alikuwa anaamini kweli. Wengine tunafundisha watoto wetu wasiseme uongo halafu tunawatuma wakamwambie mgeni mlangoni kwamba mama hayupo. Yeye hapana. Aliwahi kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa akasema, "Siumwi, ila nimechoka." Akanyimwa, bila shaka, na wenzake waliofiwa na shangazi yuleyule kila muhula wakapewa. Walipokuja kwetu kuleta posa ya Jenipher, wazee wake wakamsifu Enock mpaka tukadhani wametuletea malaika. Mwalimu akakohoa, akasema, "Niongeze kidogo. Kijana wangu ni mzito kuamka." Kwenye posa! Mshenga alitamani ardhi ipasuke. Na ni kweli kabisa, Enock mpaka leo anaamka jua likiwa limeshamaliza kazi zake nyingi.

Sasa nieleze jambo moja ambalo sina utani nalo.

Jenipher alishika mimba ya kwanza, ikaenda vizuri. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na nesi mmoja, hapakuwa na mahali pa kuzalia, wazazi wote walikuwa wanaenda Kiomboi. Uchungu ukamshika katikati ya masika. Tukampandisha kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika, tukafika korongoni tukakuta maji yamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo. Hakuna kupita. Tukakaa upande wetu tukisubiri yapungue, na mtoto hakusubiri. Alizaliwa palepale kando ya barabara, mvua inanyesha, juu ya kitenge changu. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Nilimpiga mgongoni, nilimpulizia puani, nilifanya yote ambayo mama yangu aliwahi kunionyesha, na hakulia.

Jenipher aliporudi nyumbani akaniambia, "Mama, mimi sibebi tena mimba mpaka pawe na pa kuzalia hapahapa kijijini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia chumvi imeisha.

Na pa kuzalia palikuwa nusu. Tulishajichangisha tofali, tukainua boma la wodi ya wazazi jirani na zahanati, kuta zikafika juu ya madirisha, halafu nguvu ikaisha. Mbuzi wakahamia. Wakawa ndio wazazi pekee waliojifungua humo.

Ndipo tukasikia kwamba kuna wageni kutoka Ulaya, watu wa kanisa, wanapita wilayani wakitafuta kijiji cha kukisaidia. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Paschal, akaitisha mkutano. Paschal ni mtu mwenye akili nyingi, na ingekuwa heri kama angekuwa nazo pungufu kidogo.

"Ndugu zangu," akasema, "mmesikia yaliyowapata wenzetu wa kijiji cha jirani?"

Tulisikia. Wenzetu waliandika barua ya njaa, barua ya kumliza mtu. Wageni walipokuja kuiona hiyo njaa, wakapikiwa wali, wakachinjiwa kuku, na wakati wa kuondoka kila mmoja akapewa jogoo hai aliyefungwa miguu na kidumu cha asali. Wageni wakashukuru sana, wakaandika kwamba watu wale wanaendelea vizuri, wakaenda kuwasaidia wengine. Ndivyo tulivyo watu wa Singida. Mgeni kuondoka kwako bila kuku ni msiba. Tunaweza kumwambia mtu tunakufa, lakini hatuwezi kumwambia hivyo bila kumchinjia.

"Safari hii," Paschal akasema, "hakuna kuku. Sitaki kumwona kuku. Kuku wote wa kijiji waingie kwenye ghala la alizeti, ghala lifungwe, funguo nikae nazo mimi. Bodaboda zipelekwe kule nyuma ya kilima. Na mtu asivae nguo ya Krismasi. Mwalimu Yeremia atatafsiri."

Mwalimu akasimama. "Mwenyekiti, kuomba nitaomba. Kudanganya sitadanganya."

"Nani kakwambia udanganye? Wewe tafsiri."

"Nitatafsiri yaliyo kweli."

Watu wakaguna. Mimi niliguna kuliko wote. Siku ya pili yake nikamfuata nyumbani kwake, nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Jeni. Karibu, kaa."

Sikukaa. "Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako na ni mkwe wako, sina adabu ya kukugombeza. Lakini unajua Jenipher alisema nini."

"Najua."

"Basi kesho Paschal akisema hatuna kitu, wewe sema hatuna kitu."

"Evodia, nilikufundisha nini darasa la tano?"

"Ulinifundisha maneno mawili," nikamwambia, "na hakuna hata moja lililomzalisha mtu."

 Akaendelea kupukuchua. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo marehemu mama yangu angenichapa kwalo hata nikiwa na wajukuu.

Wageni wakaja watu watatu kwa gari moja. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe na viatu vya kuendea shamba, anaitwa Mama Inga. Walitoka nchi moja ya baridi huko juu kabisa ya Ulaya, ambako Kiingereza nao wamejifunza shuleni kama sisi. Hilo Mwalimu hakuambiwa na mtu.

Tulikaa mbele ya boma tukiwa tumevaa vilivyochakaa, tumejipanga vizuri kama maskini wa kuigiza. Mwalimu peke yake alikuja na koti lake la harusi. Paschal alipomkazia macho, akajibu kwamba koti ni lake na hawezi kulikana. Halafu akasimama, akakohoa, na kwa ile sauti ya kugonga ubao akawatangazia wageni kwamba tumekuja mbele yao kwa mendicity, na wala si kwa mendacity.

Miaka yote aliyoyatunza maneno yale, akiyafuta vumbi, akingoja siku ya kuyaweka mbele ya wenyewe! Mama Inga akamtazama mwenzake. Mwenzake akapandisha mabega. Mama Inga akatoa simu, akamwomba Mwalimu, kwa upole kabisa, amtajie herufi mojamoja. Mwalimu akataja, mama yule akaandika, akashukuru. Mwalimu akageuka kututazama, uso wake kama wa mtu aliyemwandalia mgeni ugali akakuta mgeni hajui kutowea. Hata wazungu hawakuyajua. Tulikuwa tunayajua sisi tu, na mchwa nao wangeyajua, kama wangeendelea.

Paschal akapanda jukwaani, maana yake akasimama juu ya tofali mbili. Akasema hatuna kitu. Akasema mvua zimetukataa, mtama umetukataa, alizeti imekauka, na kuku, kuku tulikuwa nao zamani lakini walikufa wote kwa kideri. Alisema mpaka mate yakamkauka. Mwalimu akatafsiri, "Mwenyekiti anawasalimu."

Ikaendelea hivyo. Paschal anaeleza tangu kiangazi mpaka masika, Mwalimu anatoa maneno matatu. Alikuwa amepata njia yake: ukweli anautafsiri, uongo anaumeza, na kumeza hakukatazwi popote kuanzia M mpaka Z. Nilitamani kumrushia kandambili. Nilimwona Jenipher amekaa mwisho wa benchi, kanga imefunika kichwa, anatazama lile boma lisilo na paa, wala hatutazami sisi.

Na kuku nao wakaamua kuchangia. Paschal alipotaja kideri mara ya pili, jogoo mmoja akawika ghalani. Mwingine akamjibu. Halafu wote, majogoo wa kijiji kizima waliofungiwa gizani bila kutambulishana, wakawika kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka.

"Ndege wa porini hao," Paschal akasema haraka. "Tafsiri, Mwalimu."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Mama Inga akageuza kichwa kuelekea ghalani, akasikiliza kidogo, akarudi kutazama boma.

Wageni wakaanza kusimama na kutushika mikono kutuaga. Unajua mkono wa mgeni aliyeguswa, na unajua mkono wa mgeni anayewahi gari. Hii ilikuwa mikono ya kuwahi gari. Nikajua limekwisha, Jenipher hatazaa tena, na mbuzi watazaa mpaka wachoke.

Hapo ndipo alipotokea Bibi Elizabeti.

Bibi Elizabeti ni mama yake Paschal, na ni mfugaji wa kuku hasa. Wa kwake wanajulikana kwa rangi na kwa tabia, ana wengine aliowapa majina ya wakwe zake. Mwanawe alimnyang'anya wote jana yake akawatia ghalani, isipokuwa jogoo mmoja mwekundu aliyemficha jikoni chini ya tenga. Akaja naye sasa, akapita katikati ya watu, amevaa ile nguo ya Krismasi tuliyokatazwa, akamwinua jogoo mbele ya Mama Inga. Akazungumza Kinyiramba, kwa sauti ya mtu asiyeombwa kunyamaza.

"Mgeni, shika. Kwangu mtu haondoki mikono mitupu, sisi si mbwa. Ningekupa na mitetea wa kufuatana naye, lakini huyu mwanangu kawafungia kuku wa kijiji kizima ghalani kama wezi, sijui ana wazimu gani."

 Sisi wote tuliosikia tukaganda. Paschal akashika kichwa. Mama Inga akamgeukia Mwalimu, akauliza mama huyu anasema nini.

Safari hii hapakuwa na kumeza. Alikuwa ameulizwa. Mwalimu akamtazama Bibi, akamtazama Paschal, halafu akanitazama mimi. Mimi nikatikisa kichwa. Nilimwomba kwa macho, nilimwomba kama nilivyomwomba yule mtoto korongoni alie. Halafu akamtazama Jenipher, naye Jenipher, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa ameinua uso.

Mwalimu Yeremia akafungua mdomo, akasema sentensi fupi ya Kiingereza. Hata mimi niliielewa yote.

"Anasema huyu ndiye kuku pekee aliye naye."

Mama Inga akapiga magoti, mzungu mzima, kwenye vumbi, ili awe sawa na Bibi. Akampokea jogoo kwa mikono miwili. Nilishangaa kidogo jinsi alivyomshika, mabawa kayabana kwapani, miguu kaikamata kwa vidole viwili, utadhani kazaliwa Iramba. Machozi yakamtoka. Bibi Elizabeti akampigapiga begani, akatuambia sisi, "Hajawahi kupewa kuku, maskini."

Gari lilipoondoka ghala likafunguliwa, na hapo kijiji kikalipa. Kuku wa watu wote wamechanganyika, majogoo wametoana damu, kila mama anashika mtetea na kuapa ni wake. Kuna majirani hawajasalimiana mpaka leo kwa sababu ya mtetea mmoja mweusi. Paschal alikuwa anazunguka akimsifu Mwalimu kwamba ndiye msomi wa kweli. Mwalimu mwenyewe hakuwepo. Nikamfuata kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti bado mwilini, kamusi mapajani, imefungwa.

"Asante, Mwalimu," nikasema.

"Usinishukuru, Evodia. Nimesema kitu kifupi sana."

Mabati yakaja kabla ya mvua. Yakaja na mafundi, vitanda, taa za sola na sinki. Wodi ikakamilika, ikapakwa rangi nyeupe, na kwenye ukuta wa mbele fundi mmoja kutoka Singida mjini akachora jogoo mwekundu mkubwa kama ndama, na chini yake maandishi ya Kiingereza kama alivyoagizwa na wageni. Bibi Elizabeti akawa haondoki pale.

"Huyu si yule wangu?" akauliza. "Tazama kilemba chake! Na hayo maandishi yanasemaje, Yeremia?"

Maandishi yalisema kwamba hii ni zawadi iliyozaliwa na jogoo mmoja, aliyetolewa na mama maskini asiyekuwa na mwingine.

"Yanasema karibuni," Mwalimu akajibu.

Uongo ni kama mtetea, hautagi yai moja ukaacha.

Lakini Jenipher alishika mimba. Mvua zikaja, korongo likajaa vilevile kama lilivyojaa mwaka ule, na uchungu ulipomshika alitoka nyumbani kwa miguu, ananishika mkono, anapumzika kwenye kila uzio. Tukaingia wodini. Mimi wakanitoa nje. Nikakaa chini ya yule jogoo wa rangi, nikasikia mvua kwenye bati, nikasikia nesi anamwambia sukuma, halafu nikasikia mtoto analia. Nikalia na mimi. Wa kike. Akaitwa Dina. Bibi Elizabeti akaleta mtetea mnene wa supu ya mzazi, akasimama mlangoni akasema, "Aliyeuliza kama kuku wana faida aje hapa aone." Mwalimu Yeremia akampakata mjukuu wetu.

Kumbe kisheria wodi ilikuwa haijafunguliwa. Mjukuu wangu alizaliwa, akaanza kukaa, akaota meno mawili, ndipo ikafika siku ya ufunguzi rasmi wa mahali alipozaliwa. Tukavaa nguo za Krismasi, safari hii kwa ruhusa. Mama Inga akaja tena, na boksi lenye matundu. Akasimama mbele ya watu wote, akamwita Bibi Elizabeti, akalifungua boksi. Ndani mlikuwa na vifaranga, wa kisasa, weupe, wanatetemeka, pamoja na taa ndogo ya sola ya kuwatia joto.

Mtu katoka kwenye theluji, kapanda ndege, analeta kuku Singida. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Bibi akachungulia ndani ya boksi. "Hawa ni wa nini? Wanaumwa? Yeremia, anasema nini huyu?"

Mwalimu akayatazama maandishi ya ukutani.

"Yeremia, nakuuliza wewe."

Nitasema ukweli nilivyouwaza pale. Niliwaza kwamba sasa anaweza kusema lolote, kwa maana wodi haibebwi kwenye gari ikarudishwa. Ujasiri ulikuwa umeshuka bei. Lakini nikamwona jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya lile koti, na akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Anasema amekuletea kuku kwa sababu huna. Siku ile mimi nilimwambia huna mwingine. Nilidanganya. Na pale ukutani hapajaandikwa karibuni. Pameandikwa wewe ni maskini. Hilo nalo nilikudanganya wewe."

"Mimi?" Bibi akasema. Akajishika kifua. "Mimi Elizabeti, ambaye kuku wangu wamejaa mpaka wanalala kwenye mti wa jirani? Mimi nilikuwa natoa, Yeremia. Nilikuwa natoa! Wewe ukaenda kuniombea!" Akampokonya Mama Inga boksi, akamrudishia, akalichukua tena, alikuwa hajui afanye nini na hasira yake. "Mwambie. Mwambie sasa hivi, kwa Kiingereza hichohicho."

Akamwambia. Tukamwona Mama Inga anakuwa mwekundu kama yule jogoo wa ukutani. Kisha akaanza kuzungumza, taratibu, na Mwalimu akatafsiri, kwa mara ya kwanza neno kwa neno bila kumeza kitu.

"Anasema alijua. Anasema kakulia kwenye shamba la kuku, na ndege wa porini anawajua, hawawiki vile. Anasema aliporudi kwao aliwaeleza watu wa kanisa lake habari za jogoo pekee wa Bibi, kwa sababu angewaeleza habari za ghala wasingetoa hata senti. Anasema yale maneno yangu mawili aliyatafuta jioni ileile, na akajua tulikuja na yote mawili." Akameza mate. "Anasema machozi yalikuwa ya kweli, kwa sababu Bibi peke yake siku ile hakuwa anaigiza. Anamwomba radhi."

Paschal akapiga makofi, akasema ratiba inatubana.

Mwalimu akabaki amesimama. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye pale. Maisha yake yote alikataa kusema uongo, kwenye ruhusa, kwenye posa, kila mahali, akakubali mmoja tu kwa ajili ya binti yangu. Na huo mmoja hakuna aliyeuamini. Angesema ukweli, angesema uongo, angewika, Mama Inga alishaamua. Alikuwa ametoa kitu chake pekee, yeye kweli, na wala hakikuhitajika.

Vifaranga Bibi aliwachukua, zawadi hairudishwi. Wakafa mmojammoja, mwewe akamalizia. Maandishi aliamuru yafutwe siku ileile, na fundi aliporudi akaamriwa achore na mitetea, na vifaranga, na mitetea zaidi, mpaka ukuta wote wa mbele sasa ni kuku watupu na mgeni asiyejua hudhani pale ni mahali pa kuuzia mayai. Kamusi nayo Mwalimu ameirudisha chini ya kitanda, safari hii bila boksi. Nilimwambia mchwa watamaliza. Akasema wamalize. Mtu akiniuliza mimi ni neno lipi kati ya yale mawili lililojenga wodi, namjibu sijui, aingie ndani aone nani amelala.

Kila siku ya kliniki Mwalimu humbeba Dina mwenyewe, maana baba yake bado hajaamka. Bibi Elizabeti huwa ameshakaa pale nje, mgongo kwenye ukuta wa kuku wake, na kila mtu kwenye foleni hunyamaza asikie.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwongo wangu. Mtoto ameamkaje?"

"Ameamka salama, Bibi."

Naye Bibi humtazama mtoto kwanza, kuhakikisha.